Mkeka wa Manyoya ya Kuku

Kaeni, wapendwa. Kwaya, ahsanteni, mmeimba vizuri, na mngependeza zaidi kama mngevaa yale majoho mapya. Najua, msinionyeshe kwa macho. Yamefungiwa kabatini yanamsubiri Askofu. Nitayarudia hayo majoho kabla hatujatoka humu ndani.

Baraza la Wazee liliniomba leo nihubiri juu ya shukrani. Walisema Askofu anakuja Jumapili ijayo kwa kipaimara, basi ni vizuri usharika uwe na moyo mkunjufu, watu wachangamke. Hubiri hilo nimeliandaa. Liko nyumbani juu ya meza, na litabaki hukohuko. Leo nimekuja na mkeka.

Mzee Kilua, usichungulie chini ya mimbari, sijaubeba. Nitausimulia tu, na nyinyi mtauona.

Kuna visiwa katikati ya bahari ya Pasifiki, vinaitwa Samoa. Sijafika na sitegemei kufika, kwa hiyo baada ya ibada asinifuate mtu kuniuliza njia. Mfano wenyewe nimeutunga mimi, lakini desturi nitakazowaambia ni za watu wa kule kweli. Wao wana mikadi kama tuliyo nayo sisi huku pwani. Sisi tunautaka mkadi kwa maua yake, tuyatie kwenye kikuba, bibi harusi anukie. Wao wanataka majani. Wanayachemsha, wanayaloweka baharini, wanayaanika mpaka yanakuwa meupe, halafu wanayachana na kuyachana tena mpaka yanakuwa membamba kama uzi. Na hawasuki ukanda wa ukili kwanza wakashona mkeka baadaye kama mama zetu. Wanausuka mzima, jani kwa jani, wanawake wameketi pamoja, na mkeka mmoja unaweza kuwala miaka. Ukiisha unakunjika kama kanga iliyofuliwa mpaka ikalainika. Pindoni wanautia manyoya mekundu ya ndege.

Sasa niwaulize, mkeka kama huo mtu anaulalia? Anauanikia mpunga? Hakuna hata anayeukalia. Unatolewa watu wanapooana, mtu anapozikwa, mtu anapopewa jina la uchifu. Unatoka ukoo huu unaingia ukoo ule, na kila unakopita unaondoka na habari za hapo. Ndiyo maana kwao mkeka mkuukuu, wenye viraka, una heshima kuliko mpya. Mingine ina majina kama watu.

Basi kulikuwa na mzee mmoja, mkuu wa ukoo wake, mtu wa sauti nzito. Akikohoa, nyumba nzima inanyamaza. Alikuwa na dada yake. Na hapo mnisikilize vizuri, akina baba, maana hapa ndipo tunapopishana na watu wa Samoa. Kule kaka anamheshimu dada yake kama aliyekula kiapo. Anaweza kuuamuru ukoo wote na asijibiwe, lakini akifika kwa dada atashusha sauti. Tena mikeka ile ni mali ya wanawake. Wao ndio wanaoisuka, na wao ndio wanaoitoa. Huyu dada alikuwa na mkeka ambao mama yao aliuanza, macho yakamshinda, binti akaumalizia. Waliupa jina ambalo kwa lugha yetu tungesema Mama Hajalala.

Mkeka huo ulikuwa umewekewa mtoto wa yule mzee. Siku ambayo kijana angepewa jina la uchifu, Mama Hajalala angetolewa mbele ya vijiji vyote, na watu wangekaa kimya kuuangalia. Mzee aliiota siku hiyo akiwa macho. Alikuwa hata anajua nani ataketi wapi.

Halafu Jumamosi moja kijana akanywa. Akapanda pikapu ya baba yake. Barabarani kulikuwa na kijana mwenzake anatoka mazoezi ya kwaya, anatembea pembeni kabisa, kwenye majani, mahali ambapo mama yake alimfundisha kutembea. Akamgonga, na yule wa kwaya akafa palepale. Alikuwa mtoto wa pekee wa mama mmoja wa kijiji cha pili.

Polisi walimchukua aliyeendesha, na hiyo ni kazi ya serikali. Lakini polisi hawana pingu za kufunga lile lililo kati ya nyumba na nyumba. Wajomba wa marehemu walikuwa wananoa mapanga barazani, mchana, mbele ya watu. Kila mtu alijua kitakachofuata. Angekufa mwingine, kisha mwingine.

Kule Samoa iko njia moja ya kuzuia. Ukoo uliokosa unaamka alfajiri, unakwenda mpaka mbele ya nyumba yenye msiba. Wanabeba kuni na mawe ya kupikia, maana yake: kuni hizi hapa, mawe haya hapa, mkitaka kutupika tupikeni. Mkuu wa ukoo anaketi chini, ameinamisha kichwa, amefunikwa gubigubi kwa ule mkeka bora kuliko yote waliyo nayo. Haoni nani anakuja. Wenye msiba wakitaka kumpiga mawe, watampiga. Wakitaka kumkata, shingo iko pale. Na wakitaka kusamehe, mmoja wao atatoka na kumfunua. Akishafunuliwa, imekwisha, hakuna atakayelipiza.

Yule mzee aliwaita watu wake, akasema tutakwenda. Wote wakaafiki. Kisha akaeleza namna atakavyokwenda, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alisema chini ya mkeka atakaa binamu yake, kwa sababu mkuu wa ukoo akikatwa panga ukoo utabaki bila kichwa. Yeye atasimama nyuma na wengine. Na mkeka watachukua mmoja sokoni, mpana, mpya, wenye manyoya mengi.

Wapendwa, mnaona jinsi ilivyopangwa vizuri? Kila kitu kipo. Kuna mkeka, kuna mtu chini ya mkeka, kuna kuni na mawe. Ukipita kwa mbali utasema wale wanaomba msamaha.

Dada yake alikuwa ameketi pembeni. Akasema, "Ule wa sokoni umesukwa haraka haraka, majani yake mapana kama kidole. Na yale si manyoya ya ndege wa msituni. Ni ya kuku, yametiwa rangi."

"Wana msiba, dada yangu," mzee akamjibu taratibu. "Nani atakagua manyoya?"

Dada akamwambia kwamba mwenye msiba huona kila kitu, kwa kuwa hana usingizi. Mzee akajitetea. Mama Hajalala akitoka leo harudi tena, alisema, na siku ya mwanangu nitatoa nini mbele ya watu? Nitaonekana mtu gani? Aliongea kwa uchungu kweli, msimcheke, maana hata mimi na wewe tuna kitu tulichokiwekea siku yetu kubwa.

Dada akainuka. "Siku ya mwanao haipo mpaka hii ipite," alisema, akaenda zake, hakuaga.

Alfajiri ile walikwenda. Walipanga kuni, wakapanga mawe. Binamu wa watu akaketi mbele, amefunikwa mkeka wa sokoni. Mzee mwenyewe alijibanza mstari wa nyuma. Na Mungu naye akaleta manyunyu.

Mnaiona? Yale manyoya ya kuku yakaanza kuchuja. Rangi nyekundu ikatiririka pindoni, ikashuka kwenye magoti ya binamu, ikaenda kwenye matope. Mbele ya nyumba ya mama aliyemwagiwa damu ya mwanawe barabarani, watu wamekuja kumwaga rangi.

Wajomba wakatoka na mapanga. Mmoja akauliza mkuu wao yuko wapi, mbona aliyekaa hapa ni mtu mwingine. Yule binamu chini ya mkeka alianza kulia, na mzee kule nyuma akainama zaidi asionekane.

Hapo dada akafika. Alikuwa peke yake, ameukumbatia Mama Hajalala kifuani, ameufunika kwa nguo yake. Alipita katikati ya wenye mapanga kama anapita kwenye shamba lake. Akaenda moja kwa moja mstari wa nyuma, akamshika kaka yake kifundo cha mkono. Mzee akanong'ona, akamsihi aurudishe mkeka nyumbani. Yeye hakunong'ona.

"Mwanao ameua mtoto wa mwenzio," alisema. "Kakae chini."

Na kwa sababu ni dada, hakuweza kumjibu. Mtu mzima, mkuu wa ukoo, akaongozwa kwa mkono mbele za watu kama anayepelekwa shule. Dada akamfunua binamu, akautupa ule mkeka wa sokoni pembeni. Akamketisha kaka yake kwenye tope jekundu, akamfunika kwa Mama Hajalala mpaka chini. Halafu yeye mwenyewe akaketi kando yake, kichwa wazi, mvua inamnyeshea. Manyoya ya ule mkeka yalilowa, yakabaki mekundu vilevile.

Wakakaa hivyo mpaka jua likatafuta njia kwenye mawingu. Ndipo mama wa marehemu akatoka. Wajomba wakampisha. Naye alikuwa msukaji, kwa hiyo aliinama, akaupapasa upindo kwa vidole vyake, taratibu, kama mnavyopapasa kitenge dukani mkitaka kujua kama ni chenyewe. Akamgeukia dada. Hakumwuliza mzee.

"Huu mlimwekea nani?"

"Mwanawe," dada akajibu. "Siku ya kupewa jina."

Yule mama akaukamata mkeka kwa mikono miwili, akamfunua mzee. Mapanga yakashuka. Watu wakapumua, wengine wakaanza kulia, na mzee akainua uso, yuko hai. Kwa desturi, sasa wangekaribishwa ndani, yangefuata maneno mazuri, na mkeka ungekunjwa ukawekwa ndani ya ile nyumba. Siku moja ungetoka tena kwenye harusi fulani, ukazunguka, na nani ajuaye, labda ungerudi kwa wenyewe. Mzee alikuwa ameshaanza kuliwaza hilo, maana binadamu ni binadamu.

Lakini yule mama hakuukunja. Aliingia nao ndani, mpaka pale alipolazwa mwanawe, akamviringisha ndani yake. Akasema unashuka naye kaburini. Ndugu zake mwenyewe walishtuka, wakamwambia mkeka kama huu hautupwi udongoni, huu ni heshima ya ukoo mzima. Akawaambia neno moja tu.

"Mwanangu naye alikuwa na jina."

Wakauzika. Ile kazi yote ya mama na binti, miaka yote ile, ikafukiwa pamoja na mwimba kwaya ambaye hakuwa chifu wala mtoto wa chifu. Mzee alisimama kando ya kaburi mikono mitupu, na dada yake alisimama karibu naye, hakujuta.

Naona mtu anataka kuniuliza: na yule kijana aliyeendesha gari, alipotoka jela alipewa jina? Sijui. Mfano wangu unaishia kaburini.

Sasa turudi nyumbani, maana sikuwapeleka Samoa mkapunge upepo.

Mwaka jana, kabla sijahamishiwa hapa, kijana mmoja wa usharika huu alifariki. Kikao kikakaa. Kikasema kijana huyu haonekani ibadani, haji jumuiya, basi kengele isipigwe, kwaya isiende, asiende mtu na joho. Hakuonekana kwa sababu alikuwa kitandani anaumwa. Nani kati yetu alikwenda kugonga mlango akaona? Majirani zetu Waislamu ndio waliochimba kaburi. Wao ndio waliobeba jeneza, na mama yake, mjane, akasali mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, kwa sababu kanisa lake halikuwepo. Mimi sikuwepo pia. Lakini joho nililovaa ni la kanisa hilihili, kwa hiyo siwezi kulivaa nikasema hayo hayanihusu.

Tumekaa kimya mwaka mzima. Sasa Askofu anakuja, na ghafla tumekumbuka. Ikaonekana jambo hili limalizwe kimyakimya. Akatumwa mama mmoja wa Umoja wa Wanawake, ambaye hata kwenye kile kikao hakuwepo, apeleke kitenge kwenye mfuko. Na akapewa maneno ya kusema. Mnayajua maneno yenyewe. "Kama tulikukosea, utusamehe."

Kama. Wapendwa, hiyo "kama" ndiyo manyoya ya kuku. Ukimwambia mtu "kama nilikukosea," umemtaka athibitishe kwanza kwamba anaumia. Umemfanya yeye ndiye shahidi na wewe ndiye hakimu. Na tumezoea hivyo. Mume anamkosea mkewe, anamtuma mtoto akamwite mama chakula kinapoa, basi yameisha. Mkubwa anamkosea mdogo, anamnunulia soda. Tunamtuma binamu akakae chini ya mkeka wa sokoni, sisi tumejificha nyuma, halafu tunashangaa kwa nini watu hawatufunui.

Nilikwenda kwa yule mama Jumatano. Kitenge kilikuwa juu ya meza, kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani. Akanipa nikirudishe. Hakupiga kelele, hakunitukana, ningefurahi kama angenitukana. Alisema, "Mchungaji, mimi nguo ninazo. Mwanangu hakupigiwa kengele."

Nikalipeleka neno hilo kwenye Baraza. Wakaniambia tusubiri Askofu apite. Nikakataa. Wakasema majoho mapya yakienda makaburini yatajaa vumbi kabla Askofu hajayaona. Nikakataa na hilo. Majoho haya ndiyo Mama Hajalala wetu. Tunamwekea mkubwa aje atuone tumependeza, na mtoto wa mjane kalala bila hata wimbo mmoja. Kama Askofu atayakuta na vumbi la kaburi lile, nitamwambia mwenyewe vumbi hilo limetoka wapi. Anayetaka kunishtaki asihangaike na safari, Jumapili ijayo Askofu yuko hapahapa.

Kwa hiyo leo hatumalizi ibada kama tulivyozoea. Mwalimu Semkiwa, fungua kabati. Kwaya, vaeni, na msihangaike kupiga pasi. Tutatoka kwa miguu mpaka uwanjani kwa yule mama. Hatumtumi mtu, hatumtangulizi mtu, wala hakuna atakayebeba mfuko. Mwenyekiti wa Baraza atatembea mbele kabisa pamoja na mimi. Mzee Mhina, usiniangalie hivyo. Siwezi kukushika mkono, wewe ni mkubwa kwangu. Lakini dada yako namwona pale kwenye kwaya, mstari wa kwanza, na naona ameshaanza kusimama.

Tukifika tutaketi chini. Nyinyi mliovaa nyeupe, poleni. Hakuna kupiga hodi, hakuna kuomba viti, na asitokee mtu akategemea chai. Nitasema: Mama, tulikukosea. Hakuna "kama" ndani yake. Akipenda atatoka, atatupeleka kaburini, na kwaya itaimba pale kila wimbo ambao yule kijana alinyimwa. Na asipotoka? Hatudai. Msamaha ni wake, mkono wa kutufunua ni wake. Asipotoka leo tutakaa mpaka giza, kesho tutarudi, na Jumapili ijayo Askofu akifika atatukuta tumeketi palepale, na kipaimara kitafanyika uwanjani kwa mjane.

Naona nje kumetanda mawingu. Mvua ikitunyeshea hapo tulipokaa, inyeshe, tuone nani anachuja rangi.

Mzee Kilua, nenda kwenye kengele. Usiipige ya ibada. Ipige ya msiba, ipige polepole, ipige mpaka yule mama aisikie huko aliko.